Miguu Baridi, Tumbo Joto

Mtu wa pwani akiulizwa baridi ni nini, atasema ni ule upepo wa kusi upitao dirishani usiku wa mwezi wa Julai, naye huongeza shuka moja akalala. Mtu wa Njombe akiulizwa swali hilo hilo atacheka kwanza. Mji wake umekaa juu ya milima, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti watoto huenda shule wamevaa sweta juu ya sweta, mvuke ukiwatoka vinywani na mikono wameificha kwapani. Magharibi yake, katika nyanda za Kitulo, yako majira ambapo nyasi huamka na umande ulioganda. Kwa watu wa huko baridi haihitaji kufafanuliwa, wala haisimami mahali pa kitu kingine. Ni baridi tu, na dawa yake ni moto na soksi.

Sasa mtoto wa mji huo apewe nahau ya Kiingereza isemayo kwamba fulani "got cold feet", yaani alipatwa na miguu baridi, aambiwe kuwa maana yake ni kuogopa. Ataikariri, kwani amezoea kukariri. Siku ya insha ataandika kwamba usiku alimsikia fisi akilia nyuma ya nyumba, naye akapatwa na miguu baridi. Sentensi yake haina kosa la sarufi: kitenzi kimekaa mahali pake, na wingi wa mguu umetimia. Hata hivyo imekosewa, kwani Mwingereza hasemi hivyo kwa sababu ya fisi. Mwingereza hupatwa na miguu baridi pale tu alipokwisha kukubali jambo, liwe ni arusi, safari au ubia wa biashara, kisha siku ilipokaribia moyo ukamnywea, akatamani kurudi nyuma. Nahau hiyo haikuwekwa kwa ajili ya hatari, bali kwa ajili ya ahadi. Asiyeahidi kitu hapatwi na miguu baridi, hata akikutana na simba njiani.

Kosa hilo si la mtoto. Mtoto wa Njombe aghalabu hulelewa kwa Kibena, au kwa Kikinga, Kipangwa ama Kiwanji, kutegemea kijiji cha wazazi wake. Akiingia shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kama ilivyo nchi nzima tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Akifika sekondari hugeuziwa lugha, akafundishwa kwa Kiingereza. Katika safari hiyo ya lugha tatu, nahau humfikia kwa njia ya orodha: upande wa kushoto Kiingereza, upande wa kulia neno moja la Kiswahili. Na hapo ndipo penye shida yenyewe, maana upande wa kulia neno ni lile lile kila mstari. Mwenye miguu baridi anaogopa. Mwenye vipepeo tumboni anaogopa. Aliyeruka akatoka nje ya ngozi yake anaogopa, na ambaye damu yake imekuwa baridi anaogopa vile vile. Orodha imefuta yote yaliyozifanya nahau hizo ziwe nyingi. Ni kama duka la vitambaa ambamo kanga, kikoi, bui na hariri zote zimebandikwa karatasi moja iliyoandikwa "nguo".

Ukweli ni kwamba kila nahau ya hofu ina saa yake na ina kiungo chake. Anayesema "jump out of one's skin" anataja mshtuko wa nukta moja: mlango umebamizwa, mtu amegutuka, kisha amejicheka. Anayesema moyo wake uko mdomoni anataja hatari inayoendelea, naye anaitazama bila ya kuweza kufanya lolote. Anayesema damu yake imekuwa baridi amesikia au ameona jambo la kutisha, si lazima limhusu yeye, na mara nyingi limekwisha kutendeka. Aliye "scared stiff" amekakamaa, hawezi kukimbia. Atetemekaye kama jani bado ana nguvu za kutetemeka. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kuitumia nahau hana budi kujiuliza kwanza: hofu hii ni ya kabla ya tendo, ya ndani ya tendo, au ya baada yake? Ni ya mtu anayengoja, anayetazama au anayekimbia? Akikosa kujiuliza hayo, kamusi haitamsaidia, kwani kamusi nayo imemjibu kwa neno moja.

Mfikirie mwalimu wa Kiingereza, mzaliwa wa Pangani, anayepelekwa kufundisha mkoani Njombe. Basi linaiacha Chalinze, linapita Morogoro na mbuga ya Mikumi, kisha jioni linafika Kitonga, pale ambapo barabara inapanda ukuta wa mlima kwa kona baada ya kona. Upande mmoja jabali, upande wa pili bonde. Malori yanayotoka Tunduma yanateremka polepole, breki zikilia, na harufu ya mpira ulioungua inaingia madirishani. Ndani ya basi mazungumzo yanakatika. Mama aliyekuwa akimenya chungwa anaacha kumenya. Katika saa kama hiyo Mswahili husema ana roho mkononi, na mwalimu huyo anaweza kuona kwa macho yake jinsi neno lilivyo la kweli: kila abiria anaishika roho yake kama mtu aliyeshika yai, akihofia kuliminya na akihofia kuliacha. Mwingereza, kwa hatari hiyo hiyo, husema moyo umempanda mdomoni. Hofu ni moja na bonde ni lile lile, lakini mmoja imemshukia kiganjani na mwingine imempanda kooni. Makambako abiria hushuka kunyoosha miguu katika upepo mkali usiojua kupumzika. Hapo ndipo njia panda: barabara kuu inaendelea Mbeya, reli ya TAZARA inapita kuelekea Zambia, na barabara nyingine inakata kusini kilomita 60 hivi hadi Njombe, kisha Songea.

Mwalimu wa namna hiyo, akiwa na busara, haanzi somo kwa orodha. Huanza kwa kuuliza: mtu akiogopa, ninyi husemaje? Darasa ambalo kwa Kiingereza lilikuwa kimya kama kaburi linafunguka. Ubao unajaa. Moyo kwenda mbio. Moyo kudunda. Kijasho chembamba kumtoka. Nywele kumsimama. Mwili kumsisimka. Magoti kugongana. Roho juu. Kufa ganzi. Kufyata mkia. Kunywea. Watoto wanagundua kwamba wanayo tayari ramani nzima ya hofu, tena ramani yenye miji na vijiji, wala hawakuijia shuleni mikono mitupu. Kutoka hapo kazi inakuwa ni kulinganisha ramani mbili. Mahali pengine zinaafikiana: nywele husimama kwa Mwingereza kama zisimamavyo kwa Mbena, na kijasho chembamba ni ndugu wa damu wa "cold sweat". Mahali pengine zinapishana kwa hila. Mswahili akifyata mkia ameogopa, amenyamaza, amekubali kutawaliwa. Mwingereza akiondoka na mkia katikati ya miguu, si kwa hofu hasa, bali kwa aibu ya kushindwa. Mbwa ni yule yule, mkia ni ule ule, lakini lugha moja imeutazama kabla ya ugomvi na nyingine imeutazama baadaye.

Tofauti kubwa kuliko zote iko tumboni. Magazeti ya Dar es Salaam yamekwisha kuizoesha nchi habari za watu wenye matumbo joto: wakurugenzi wanaosubiri mkeka wa uteuzi, wagombea wanaosubiri vikao vya chama, wachezaji wanaosubiri usajili. Kwa Kiswahili hicho, hofu ya kungoja ni moto. Kwa Kiingereza hofu karibu yote ni baridi: miguu baridi, jasho baridi, damu baridi, mgongo unaopitiwa na ubaridi. Na tumboni mwa Mwingereza, pale ambapo Mswahili ana moto, mna vipepeo. Hapa mwanafunzi wa kidato cha nne, anayengoja Baraza la Mitihani litangaze matokeo, huingia mtegoni. Ana tumbo joto, basi anaandika ana vipepeo tumboni. Lakini vipepeo ni vya mtu anayekaribia kutenda jambo yeye mwenyewe: kupanda jukwaani, kughani shairi mbele ya wageni, kwenda kuposa. Ni hofu nyepesi, na ndani yake mna shauku. Tumbo joto ni la mtu ambaye kazi yake imekwisha, na sasa hatima yake iko mikononi mwa wengine. Hofu ya namna hiyo Mwingereza anayo nahau yake mbali, nayo ni "on tenterhooks".

Nahau hiyo ina mkasa wake. Zamani wafumaji wa Uingereza walipokwisha kufua kitambaa cha sufu walikivuta juu ya fremu ya mbao, wakakishika kwa kulabu pande zote ili kikauke bila ya kujikunja. Kulabu hizo ndizo zilizoitwa hivyo. Basi mwenye kungoja habari ni kama kitambaa kile: amevutwa kila upande, na hawezi kujilegeza mpaka mwenye nguo aje amtoe. Asiyeijua picha hiyo huandika "tenderhooks", kana kwamba kulabu zenyewe ni laini. Kosa la aina hiyo hiyo huwapata wengi katika "bated breath", yaani pumzi iliyopunguzwa. Neno la kwanza limetokana na kitenzi cha kupungua, lakini limekwisha kufa kila mahali isipokuwa humo, ndipo watu wakaligeuza wakaandika pumzi yenye chambo, kama ya mvuvi. Wapenzi wa tamthilia watafurahi kujua kwamba pumzi hiyo imo katika mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri akauita Mabepari wa Venisi, ukatolewa mwaka 1969. Humo pumzi hiyo ni ya unyonge wa mtumwa mbele ya bwana wake. Leo Waingereza huitumia kwa kungoja tu. Nahau nazo huhama nyumba, na mwandishi hana budi kujua zinakaa wapi sasa, si zilikozaliwa.

Wanyama nao wana mambo yao. Kwa Kiswahili mwoga ni kunguru, na methali yasema kunguru mwoga hukimbiza bawa lake. Kwa Kiingereza mwoga ni kuku, na aliyeghairi kwa woga huambiwa amejifanya kuku. Mwanafunzi akidhani ndege hawa wawili ni mamoja, ameteleza. Kunguru wa Waswahili ana akili. Amekimbia, lakini bawa analo, na kesho ataruka. Ndiyo maana mzee humtolea kijana methali hiyo kumwasa, hamtukani. Aidha wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na waliosema hivyo walikwisha kuzika mashujaa wengi. Kuku wa Mwingereza hana hata chembe ya sifa hiyo. Ni tusi tupu, la watoto wachokozanao uwanjani, na halifai kuandikwa katika barua ya heshima. Hali kadhalika, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Kiingereza kinayo methali inayofanana nayo, ya aliyeng'atwa mara moja. Lakini humo nyoka hakutajwa, na mara nyingi hutumika kwa mapenzi yaliyovunjika au fedha zilizopotea. Katika kijiji ambacho nyoka ni nyoka kweli, methali yetu ina sumu ambayo ile haina.

Njombe ni mji wa makanisa. Wakatoliki wana jimbo lao hapo tangu 1968, na Walutheri wa Dayosisi ya Kusini wana makao yao makuu papo hapo. Mtoto aliyekulia katika mji huo, sawa na mtoto aliyekulia chuoni Unguja, anajua kwamba kumcha Mungu ni sifa. Mcha Mungu ni mtu mwema, majirani humwekea amana zao. Kitenzi hicho cha kucha ni cha kale, kimebaki kwa Mola peke yake, na hofu iliyomo ndani yake imechanganyika na heshima na mapenzi. Basi mtoto huyo anapokutana na nahau ya Kiingereza ya kumtia mtu hofu ya Mungu, "to put the fear of God into someone", huona amepata lulu. Huandika kumsifu babu yake, kwamba aliwatia wajukuu hofu ya Mungu. Msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba babu aliwatisha watoto mpaka wakatetemeka, pengine kwa fimbo. Nahau hiyo imekwisha kumpoteza Mungu njiani, ikabaki na kitisho. Hapa kosa si la alama za mtihani tu. Mtoto amemvunjia babu heshima ilhali alikusudia kumpamba.

Washairi nao hawajasalimika, ila wao mtego wao uko upande wa pili. Mwanafunzi hupeleka Kiswahili katika Kiingereza. Mshairi msomi, aliyesoma riwaya nyingi za Kiingereza, huleta Kiingereza katika shairi bila ya kujua. Tuseme anataka kusimulia habari za bwana arusi aliyetoroka, akatunga hivi:

Miguu ilipopoa, ndoa akaikimbia.

Mizani imetimia, nane kwa nane, na kina kimekaa. Lakini msikilizaji wa Pemba atauliza: kwani alikuwa ametia miguu majini? Na wa Njombe atauliza kwa nini asivae viatu. Mstari umesimama kwa hesabu, ukaanguka kwa maana. Mshairi yule yule, kama angelisikiliza kwanza jinsi bibi yake anavyosema, angelipata mizani zile zile bila ya kutoka nje:

Moyo ulipomnywea, ndoa akaikimbia.

Kunywea ndiko hasa alikokuwa akikutafuta: kitu kilichokuwa kimejaa kimepungua, kama mpira uliotolewa pumzi. Ushairi wa pwani hauwezi kuikopa nahau ya hofu na kuitafsiri neno kwa neno, kwa sababu hofu husikiwa mwilini kabla haijafika akilini, na mwili wa msikilizaji umekwisha kufundishwa na lugha ya mama yake mahali pa kuisikia.

Tena Kiswahili chenyewe ni tajiri mno kuhitaji mkopo huo. Woga ni tabia, mtu anaweza kuzaliwa nao. Hofu humjia mtu na kumwacha. Wasiwasi ni mnong'ono wa ndani, na wasomao Sura ya mwisho ya Kurani wanajua ni mnong'ono wa nani watu hujikinga nao kwa Mola. Fadhaa humvuruga mtu asijue aanzie wapi. Kiwewe humwondolea fahamu. Taharuki, ambayo asili yake ya Kiarabu ni mtikisiko, ni hofu ya watu wengi kwa pamoja: soko huingiwa na taharuki, mtu mmoja chumbani mwake haingiwi nayo. Mwandishi anayeyachanganya maneno haya hana haki ya kumcheka mtoto wa Makambako aliyechanganya miguu na vipepeo. Anayeijua tofauti ya fadhaa na wasiwasi ndiye atakayeiona kwa haraka tofauti ya nahau za wageni, kwa kuwa jicho lake limezoea kupambanua.

Iko hofu, lakini, ambayo haitaki nahau kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto kadhaa walitekwa na kuuawa katika sehemu za Njombe, na mauaji hayo yakahusishwa na imani za kishirikina. Habari zilienea dunia nzima. Wazazi wa mji ule waliokuwa wakiwaacha watoto waende shule peke yao katika ukungu wa alfajiri, asubuhi hizo hawakuweza tena. Mwandishi wa Kiingereza ambaye angeliandika kwamba wazazi hao walikuwa na vipepeo tumboni, au walipatwa na miguu baridi, asingelikuwa amekosea matumizi tu. Angelikuwa amewakosea watu. Hata ile nahau ya damu kuwa baridi, ambayo kwa maana ingelifaa, imekwisha kutumiwa mno katika hadithi za kubuni za mauaji, mpaka imepata ladha ya burudani. Mbele ya mama aliyepoteza mtoto, inanuka. Hapo neno linalofaa ni lile dogo kabisa, ambalo mtoto wa darasa la kwanza analijua: waliogopa.

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi, ikielekea Pemba, na mamia ya watu wakapotea. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Katika misiba kama hiyo ndimi huachana na mapambo. Mtu aliyekaa pwani akingoja habari za mwanawe hasemi ana tumbo joto, ingawa tumbo linaungua. Nahau nyingi za hofu, za kwetu na za wageni, zilitengenezwa na watu waliokwisha kuokoka, wakisimulia jioni huku wakicheka. Ni nguo za hofu iliyopita, au ya hofu ndogo. Hofu kubwa huenda uchi.

Jambo hilo limo hata katika kazi za mabingwa. Katika ule mchezo wa Shakespeare juu ya mtawala wa Roma, alioutafsiri Mwalimu Nyerere na kuutoa mwaka 1963, kisha akautengeneza upya ukatoka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mhusika mkuu anazungumza juu ya waoga na kifo asubuhi ya siku atakayouawa. Usemi wake ni mwepesi, wa maneno ya kila siku, hauna kulabu wala vipepeo. Ndiyo maana ulivuka bahari na kuingia katika Kiswahili bila ya kuvunjika. Picha za mwili hubaki kwao. Maneno ya kawaida husafiri.

Basi mwalimu wa Njombe afundishe nini? Afundishe nahau, kwani mtihani unazitaka, na kuijua lugha ya watu pamoja na utani wake ni elimu na ni heshima. Lakini afundishe kila moja pamoja na saa yake, kiungo chake na uzito wake, na afundishe pia saa ya kuziacha. Kwa maana katika madarasa ya Njombe na Makambako, kama katika madarasa ya Unguja na Pemba, imo hofu moja ambayo haiandikwi katika orodha yoyote: hofu ya Kiingereza chenyewe. Mtoto aliyeandika kwa ushujaa juu ya fisi na miguu baridi, akasomewa sentensi yake mbele ya wenzake na kuchekwa, mara ya pili hataandika juu ya fisi. Ataandika sentensi fupi zisizo na kosa na zisizo na kitu. Kimya chake kitahesabiwa kuwa ni ujinga, ilhali ni yale yale aliyoyasema ubaoni kwa Kiswahili fasaha: kunywea, kufyata mkia, kufa ganzi. Mwalimu aliyemsikia akiyasema anajua kwamba mtoto huyu haogopi kwa kukosa maneno. Maneno anayo. Linalotakiwa ni mtu wa kuyapokea kwanza jinsi yalivyo, ndipo amwonyeshe njia ya kuyavusha.